Sindano Isiyounguza

Mkono ndio ulioingia kwanza. Sajini Telesphor alikuwa amejibanza nyuma ya pazia la wodi ya wanaume tangu wagonjwa walipomaliza uji, ametulia tuli kama mtego, ndipo akauona mkono ule ukipenya dirishani. Mkono mkubwa, kucha zimejaa vumbi la mgodi, kidole kimoja kinachuruzika kitu kizito cha rangi ya chai. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye midomo ya mgonjwa Valeriani. Sajini akaudaka ule mkono kwenye kiwiko, akaubana juu ya kizingiti cha dirisha.

"Mwenye mkono aonekane," alisema.

Aliyeonekana alikuwa Baltazari, nyapara wa kambi ya wachimbaji, kaka mkubwa wa huyohuyo Valeriani aliyelala pale amekakamaa shingo kama gogo. Sajini alimtazama muda. Huyu ndiye aliyekwenda bomani Mpanda kumshtaki shemeji yake, Kalista, mke wa mgonjwa. Alisema mbele ya watu kwamba chakula cha yule mwanamke kina mauti. Kalista alimpikia kaka yake mwenyewe Anselmo, Anselmo akafa. Akampikia jirani yao Cleophas, Cleophas akafa. Sasa alikuwa akimpikia mumewe. Wote watatu watu wa Mpimbwe, wote watatu waliingia hospitali hii ya mgodi wa Kalungwa na maradhi ambayo hayaui mtu, huyu ngiri, yule mguu uliopondwa na jiwe, na wote walipatwa na jambo moja humuhumu wodini: homa, kichwa kuuma mpaka mtu analia, shingo kugoma kuinama.

Kalista alikuwa mahabusu. Watu wa kambini walishaung'oa mlango wa nyumba yake kule Ilembo na haukujulikana ulipo. Na Sajini Telesphor, askari kanzu, aliletwa na treni kutoka Tabora kwa maneno machache ya mkubwa wake. Valeriani akifa, mwanamke yule atasimama mbele ya jaji kwa kesi ya kunyongwa. Basi ijulikane mapema kama ni yeye au siye.

"Nini hiki?" Sajini aliuliza.

"Asali, afande. Ya nyuki wadogo. Mama yetu kaituma toka nyumbani."

"Daktari amekataza mgonjwa asilishwe kitu na mtu."

"Daktari hana mama huku."

Sajini akakichukua kibuyu alichokuwa nacho Baltazari, akakinusa, akamrudishia. Akamwambia ale yeye. Baltazari akachovya kidole, akala. Akachovya tena bila kuambiwa, macho yake yametulia juu ya askari.

"Ukitaka nikimalize, nitakimaliza," alisema. "Ila mgonjwa atakosa."

Sajini akamwachia. Asali ilikuwa asali. Lakini alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya tangi la maji, maana jambo lilikuwa limemkaa vibaya. Kalista amefungwa, chakula chake hakifiki, na bado Valeriani anazidi kuzama. Ama sumu si yake, ama kuna mkono mwingine. Na mkono wa kwanza kuukamata ulikuwa wa mshitaki.

*

Dokta Joshi alikuwa peke yake kwenye chumba cha darubini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimweleza Sajini kwamba wale watu hawakulishwa sumu anayoijua yeye. Alipotoboa migongo yao na kuvuta maji yanayoteremka toka kwenye ubongo, maji yale yalitoka na usaha. Aliyatuma maabara Dar es Salaam, na jibu lilikuja kwamba ni kijidudu kinachokaa penye majimaji, kigumu, kilichozoea hospitali, na penisilini hakiogopi hata kidogo.

"Basi mwanamke hana kosa," Sajini alisema.

"Sikusema hivyo. Nadhani kikipita tumboni hakifiki kichwani. Lakini ukinisimamisha mbele ya jaji niape, siwezi kuapa. Sijui kinaingiaje."

Sajini akauliza kuhusu dawa. Daktari akasema Anselmo alipewa penisilini, akafa nayo. Cleophas alipewa streptomaisini, akapata nafuu kidogo, halafu kijidudu kikaizoea dawa na kumrudia kwa hasira. Kwa Valeriani aliamua kuchanganya. Streptomaisini, pamoja na dawa mpya iliyokuja kwa treni imefungwa kwenye pamba, inaitwa polimiksini. Nyingine anachoma takoni, nyingine inabidi aipeleke mgongoni kabisa, kwa sababu dawa ya takoni haipandi vizuri ubongoni.

"Ni kama wawindaji wawili," alisema. "Mmoja anafukuza, wa pili anangoja njiani. Kila mmoja peke yake, mnyama atamkwepa. Wakiwa pamoja hana pa kupita."

"Na wamemkamata?"

Daktari akavua miwani. Akasema kila kukicha anaona kama wamemkamata. Alfajiri homa imeshuka, mgonjwa anajua jina lake, anamtaja bintiye Dafrosa. Daktari anamchoma sindano ya mgongo, anafurahi. Jua likianza kuinama, mtu amerudi kulekule alikotoka.

"Kama shamba," alisema. "Mimi napalilia asubuhi, na kuna mtu ananipandia magugu nyuma yangu."

"Wote watatu ulishawachoma mgongoni kabla hawajaugua?"

"Ndiyo, ganzi ya upasuaji. Najua unakokwenda, na nimeshafika huko nikarudi. Yule muuza dagaa wa Ikola nilimchoma ganzi ileile kwa sindano ileile, imechemshwa kwenye sufuria ileile. Karani wa stoo pia. Hawana hata mafua. Wewe ndiye polisi, niambie tofauti yao ni nini."

Tofauti iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu, na ilimwelekea Kalista. Waliougua ni watu wa kwao, na watu wa kwao ndio aliowapikia.

Daktari akasema ataanza leo kuchoma mgongoni mara mbili, asubuhi na alasiri. Mgonjwa hana nguvu ya kungoja. Sajini akamwomba kitu kimoja, amruhusu akae kwenye chumba cha vyombo wakati sindano ya asubuhi inaandaliwa. Kama kuna anayepanda magugu, alisema, lazima apite pale ama kitandani.

*

Aliyeandaa vyombo alikuwa dresa Silvesta, msaidizi wa daktari wodini. Huyu alikuwa mtu wa Mpimbwe pia, mpole, mwenye mvi za mapema, na hapakuwa na mgonjwa aliyemsema vibaya. Yeye ndiye aliyewageuza vitandani, yeye ndiye aliyewashika mikono usiku wa kukata roho. Sajini hakuwa na haja ya sifa hizo. Amewahi kumfunga pingu mtu aliyesifiwa na mtaa mzima.

Alisimama mlangoni akatazama. Silvesta alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa linavuma, sufuria inatokota, sindano na bomba lake vinagongana ndani kama mawe mtoni. Silvesta akavitoa kwa koleo, mvuke ukapanda, akavilaza kwenye trei iliyochemshwa. Kitambaa safi. Hakugusa popote. Halafu akageukia rafu, akanyoosha mkono kwenye kichupa kilichokaa karibu na msalaba wa mbao, akafanya ishara ya msalaba.

Sajini, aliyebatizwa akiwa mchanga na kulelewa na mapadri, naye akafanya ishara ya msalaba na kuinamisha kichwa, kama afanyavyo mtu yeyote aliyelelewa hivyo. Alipoinua kichwa, trei ilikuwa imeshafunikwa na Silvesta anaelekea wodini.

Akamfuata hatua kwa hatua. Akamwona daktari akichoma. Akakaa karibu na kitanda cha Valeriani, hakumruhusu mtu kukisogelea, hata paka wa hospitali alifukuzwa. Hapakuingia chakula, hapakuingia maji, hapakuingia kidole cha asali. Na jua lilipopita utosini Valeriani alianza kutetemeka meno, akaacha kumtaja Dafrosa.

Sajini akasimama, akatoka barazani.

*

Pale barazani alikaa Masudi Kalenga, muuza dagaa wa Ikola, aliyefanyiwa ngiri na kupona, sasa anangoja lori la kumrudisha ziwani. Alikuwa mtu wa kunyoa ndevu kwa uangalifu na kusema bila uangalifu. Sajini alianza naye kwa mbali, habari za ziwa, bei ya dagaa, kisha akamuuliza kama aliwahi kuonja chakula cha Kalista.

Masudi akacheka. Alisema hakukionja, alikila. Kitanda chake kilikuwa ubavuni mwa cha Valeriani. Mgonjwa anakula vijiko viwili anaacha, na ule ni wali wa Mpimbwe, bwana, unanukia toka getini.

"Ningemwachia nani? Paka?"

"Na hukuugua."

"Niliongezeka mwili. Waambie huko bomani, kama ile ni sumu, waniletee gunia."

Sajini hakucheka, lakini alikaa vizuri zaidi. Basi ile tofauti moja iliyomwelekea Kalista ilikuwa imekufa. Mtu amekula chakula kilekile, amechomwa sindano ileile, yuko hai anatania. Akamuuliza kuhusu sindano ya mgongo, ilikuwaje.

"Usinikumbushe," Masudi alisema. "Yule dresa wenu ana upendeleo. Daktari ndiye anachoma, ila yeye ndiye anampa sindano mkononi, na yangu alimpa ikiwa bado inatoka moshi. Niliungua hata nikapiga yowe, wanawake wa wodi ya pili wakacheka. Nikamuuliza Valeriani, mwenzangu, wewe ulistahimilije? Akaniambia yake ilikuwa baridi kama tumbo la chura. Hao watu wa Mpimbwe wanapendeleana mpaka kwenye sindano."

Sajini alikuwa ameshasimama.

Sindano imetoka kwenye maji yanayotokota. Trei nayo imetoka humohumo. Kutoka chumba cha vyombo hadi kitandani ni mwendo wa kuvuka ukumbi. Ya Masudi ilifika inaunguza, kama ilivyopaswa. Ya Valeriani ilifika baridi. Chuma hakipoi kwa kuombewa. Kuna kitu kimekipoza, na kimekipoza pale ambapo yeye Sajini alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndani ya wodi sauti ya daktari ilikuwa inamwambia Valeriani ajikunje, magoti yaguse kifua.

Sajini alikimbia. Alipoingia, mgonjwa alikuwa amelala ubavu, mgongo wazi, umepakwa dawa ya rangi ya kahawia. Silvesta ameshika mabega yake. Daktari ana sindano mkononi, ncha iko karibu na ngozi.

"Bwana Mganga, usichome."

"Toka nje, Sajini."

"Nitatoka. Kwanza iguse hiyo sindano kwenye ngozi yako. Imetoka kwenye moto sasa hivi. Ina joto?"

Daktari alitaka kukasirika, halafu akaacha. Akaulaza mwili wa sindano juu ya mkono wake, pale glovu ilipoishia. Akaendelea kuuacha palepale.

"Ni baridi," alisema polepole. Akamwinulia macho dresa wake.

*

Silvesta hakukana kitu. Hilo ndilo lililomsumbua Sajini kuliko lolote, kwa sababu kazi yake ni ya watu wanaokana. Alikaa kwenye kiti katika chumba cha vyombo, mikono juu ya magoti, akajibu kila alichoulizwa.

"Kichupa kina nini?"

"Maji ya baraka, afande. Ya Pasaka. Nilikwenda nayo mwenyewe kanisani nyumbani, padri akayabariki."

"Unayafanyia nini?"

"Namwagia sindano ya mgongo. Watu wanaiogopa ile kuliko kisu. Wanasema inanyonya uhai. Sasa ukimwambia mtu imepita kwenye maji ya baraka ya kwao, anatulia, hatikisiki. Na inapoa, haimuunguzi."

"Na Masudi? Mbona yake hukuipoza?"

Silvesta alionekana kushangaa swali lenyewe.

"Masudi si Mkristo. Nimwekee maji ya baraka mwilini bila ridhaa yake? Hiyo si heshima. Na karani wa stoo pia ana dini yake. Nilifanya kwa watu wa kwetu tu."

Daktari alikuwa amegeukia ukuta. Sajini akauliza swali la mwisho. Pasaka imepita zamani, watu wameshavuna. Kichupa kidogo namna ile kimetoshaje mpaka leo?

"Hayaachwi yaishe," Silvesta alisema. "Yakikaribia nusu unaongeza ya kawaida kidogo, yote yanakuwa ya baraka. Ndivyo tulivyofundishwa nyumbani. Naongeza ya kwenye tangi."

Dokta Joshi akakichukua kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini kabisa palikuwa na utelezi wa kijani, mwembamba kama uzi, unacheza. Akaingia chumba cha pili, akakaa na darubini yake muda mrefu. Aliporudi alikiweka kichupa mezani.

"Wamejaa. Umbo ni lile, mwendo ni ule. Nitawaotesha nione kama wanaicheka penisilini, lakini mimi ninajua. Nilikuwa namtibu kwa dawa mbili, na kila nikimtibu nampa na wengine wapya."

Silvesta akatazama mikono yake.

"Anselmo nilimshika mpaka akakata roho," alisema. Kisha akaomba jambo moja, maji yale yasimwagwe shimo la choo. Yamwagwe kwenye udongo, mahali pasipokanyagwa. Sajini akamwambia hayatamwagwa popote kwanza. Akakifunga kizibo kwa nta mbele yake, akakitia mfukoni.

*

Baltazari alipoelezwa hakuamini. Alisema mganga na polisi wamekula njama kumwokoa mwanamke, na sasa wanamsingizia Mungu. Watu wake wa kambini walisimama nyuma yake wakiitikia. Sajini aliona kwamba kichupa hakitamtoa Kalista. Kichupa hakisemi. Kinachosema ni shingo ya Valeriani.

Basi akapanga hivi. Dawa ziendelee zilezile mbili kwa pamoja, lakini sindano ichemshwe na kuachwa ipoe yenyewe ndani ya sufuria iliyofunikwa, daktari aitoe kwa mkono wake. Kalista atolewe mahabusu chini ya ulinzi, ampikie mumewe jikoni mwa hospitali na kumlisha mwenyewe. Magugu yakiota tena, yatajulikana yametoka wapi.

"Mnataka ammalizie," Baltazari alisema.

"Utakula naye sahani moja. Wewe si fundi wa kuonja?"

Silvesta alipanda lori la polisi mwenyewe, bila kushikwa. Mpanda walikutana mlangoni mwa mahabusu, yeye anaingia kungoja hakimu, Kalista anatoka. Kalista alikuwa ameshaambiwa. Alimuuliza swali moja tu.

"Na Anselmo pia?"

"Na Anselmo, dada."

Akampita. Alifika karibu na lori, akarudi, akampa blanketi alilokuwa amelala nalo. Alimwambia humo ndani kuna baridi ya alfajiri. Hakusema zaidi, wala hakuwa na uso wa mtu aliyesamehe.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya kwa kila mtu. Kalista alipika, askari wawili wakimtazama mikono. Baltazari alikula kijiko cha kwanza cha kila sahani, anatafuna taratibu kama anayesikiliza tumbo lake. Kambi nzima ilikuwa inangoja nani ataanguka. Asubuhi Valeriani alikuwa na nafuu, kama kawaida. Jua likainama, na Sajini akakaa ukingoni mwa kitanda kungoja yale matetemeko.

Hayakuja. Kesho yake hayakuja. Baltazari alianza kulalamika chumvi haitoshi.

Halafu ikafika mchana mmoja. Kalista alikuwa anamlisha mumewe wali na kisamvu, Baltazari amekaa kwenye kigoda na kijiko chake, Sajini yuko dirishani. Daktari alikuwa anapita tu na chati ya mtu mwingine.

"Baba Dafrosa, nikuongeze?" Kalista aliuliza.

Valeriani alikuwa amejaza mdomo. Akaitikia kwa kichwa.

Daktari alisimama.

"Mama, mwulize tena," alisema.

Kalista akamtazama yeye, akamtazama Sajini, hakuelewa wanataka nini. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, nikuongeze? Na Valeriani, labda akidhani mkewe hakumwona, aliitikia vizuri zaidi, kichwa kikateremka chote mpaka kidevu kikagusa kifua, kikapanda, kikateremka tena.

Baltazari aliitazama ile shingo. Akakiweka kijiko chini, akafuta mikono kwenye suruali, akainuka bila kuaga mtu, akaenda kambini kuutafuta mlango wa nyumba ya shemeji yake.